Muulize Mzee wa Shabaha: Bastola ndogo, shati jepesi

Barua za safari hii zote zinanuka jasho. Msimu wa joto ukiingia, watu wenye leseni huvua makoti na kugundua kwamba ile bastola iliyokaa kiunoni kwa raha wakati wa baridi sasa inatokeza kama nundu ya ngamia. Baadhi ya barua nimezifupisha. Majina ni waliyojipa wenyewe.

*Shikamoo Mzee. Nimepata leseni ya kumiliki na kubeba bastola baada ya kusubiri muda mrefu. Kazi yangu ni kukusanya fedha za mauzo na kuzifikisha benki, na nimeshavamiwa mara mbili. Tatizo langu ni joto. Koti siwezi kuvaa. Navaa fulana, au shati la mikono mifupi bila kulichomekea. Muuzaji wa silaha ananishauri nichukue ile ndogo kabisa ya risasi za .380 inayoenea kiganjani, anasema hata nikivaa kaptula haitaonekana. Rafiki yangu naye anasema rivolva, ile ya risasi kukaa kwenye silinda inayozunguka, haina longolongo. Mimi ni mwembamba, kilo 62. Nichukue ipi?* — Mkusanyaji

Marahaba mwanangu, na pole kwa yaliyokufika.

Ushauri aliokupa muuzaji wako niliwahi kupewa mimi, nikaufuata. Nilinunua bastola iliyokuwa ndogo kuliko zote kwenye kabati lile la kioo. Mfukoni ilikaa hata nikaisahau. Siku ya kwanza uwanjani nikasimama mita saba kutoka kwenye karatasi, nikafyatua risasi sita. Tatu zikaingia, moja ikachana ukingo, mbili mpaka leo sijui zilikokwenda. Panda ya mkono, pale kati ya gumba na kidole cha shahada, ikawaka kama nimepigwa fimbo. Sikurudi uwanjani na bastola ile kwa miezi mitano. Nikawa naibeba kila siku na sifanyi nayo mazoezi kwa sababu inauma. Hapo ndipo bastola ndogo sana inapomdanganya mtu: kuibeba ni starehe, kuipiga ni adhabu, basi utaibeba tu.

Sababu yake haina uchawi. Uzito wa bastola ndio unaomeza teke inalokupiga risasi inapotoka. Chukua Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008 na kuwafanya watu wengi waamini kwamba wamepata jibu la kiangazi. Ina gramu 270 hivi, unene wa milimita 21, mtutu wa milimita 70, na magazini, kile kikasha kinachoingia ndani ya mpini, ya risasi sita. Mpini wake unachukua vidole viwili. Kidole cha mwisho kinaning'inia hewani hakina pa kushika. Vitu vya kulengea katika zile za mwanzo ni vijinundu tu, ukiwa na macho kama yangu utavitafuta mpaka mvamizi aondoke zake. Na risasi ya .380, iliyoanza mwaka 1908, ina upana uleule wa 9mm. Ganda lake ndilo fupi, milimita 17 badala ya 19, na nguvu yake ni zaidi kidogo tu ya nusu. Kwa hiyo unapokea maumivu mengi kwa malipo madogo. Sisemi ni silaha mbaya. Nasema ni silaha ya mtu aliyekwisha kujua kupiga, na wewe leseni yako bado ina harufu ya wino.

Usidhani pia kwamba .380 yoyote yenye uzito zaidi itakuwa laini. Walther PPK, ile ya mwaka 1931 ambayo kila mtu ameiona kwenye sinema, imejaa chuma na inapita nusu kilo, lakini mtutu wake umekazwa kwenye fremu na slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma risasi inapotoka, inazuiwa na uzito wake pamoja na springi peke yake. Matokeo yake inakupiga mkononi kuliko inavyostahili risasi ile, na ukiwa na kiganja kinene slaidi inaweza kukuchanja juu ya gumba.

Sasa tuje kwenye kuficha, maana ndilo ulilouliza. Watu hupima bastola kwa urefu wa mtutu. Mtutu hauna neno! Mtutu umezama ndani ya suruali, hakuna anayeuona, na mtutu mrefu kidogo hata husaidia bastola isipinduke kuelekea nje. Msaliti ni mpini. Mpini ndio unaobaki juu ya mkanda, ndio unaochomoza nyuma unapoinama kuokota ufunguo, ndio unaojichora kwenye fulana. Kwa hiyo ukiwa dukani, tazama mambo mawili kabla ya mengine: mpini una urefu gani kutoka juu hadi chini, na bastola nzima ina unene gani. Sentimita moja ya mpini ina maana kuliko sentimita mbili za mtutu.

Kwa bahati nzuri umepata leseni katika zama nzuri. Zamani kidogo, ukitaka bastola nyembamba ya 9mm ulikubali risasi chache. Smith & Wesson Shield ya mwaka 2012 ilikuwa na saba kwenye magazini fupi, Glock 43 ya mwaka 2015 ilikuwa na sita. Mwaka 2018 SIG Sauer walitoa P365, wakapanga risasi kwa mpishano ndani ya magazini nyembamba, wakaingiza kumi kwenye bastola yenye unene wa milimita 26 hivi na uzito wa nusu kilo. Springfield wakafuata na Hellcat mwaka uliofuata, na wengine wakaja mbio. Hilo kundi ndilo ningekuelekeza. Nusu kilo inabebeka kutwa nzima, teke lake ni la kuvumilika, na vitu vya kulengea ni vya kweli. Ipi kati yao? Ile ambayo kidole chako cha shahada kinafika kwenye triga bila kugeuza mkono. Omba uipige kwanza, risasi hamsini, siyo tano. Tano kila bastola ni tamu.

Rafiki yako wa rivolva ana hoja nusu. Zile ndogo za Smith & Wesson za risasi tano zipo tangu mwaka 1950, na zile zenye nyundo iliyofichwa ndani, kama Model 642, hutoka mfukoni bila kunasa. Umbo lake la duara duara linadanganya jicho vizuri. Chini ya shati halifanani na bastola, linafanana na kitambaa kilichokunjwa. Ila silinda ina unene wa milimita 33, triga inataka uivute kwa nguvu ya kilo tano na ushee na kwa safari ndefu, na uzito ni gramu mia nne tu za aluminiamu. Wapiga rivolva ndogo wazuri ninaowajua ni wachache, na wote wameteketeza risasi nyingi kufika hapo.

Halafu mkanda. Nilitaka kuanza nao nikaogopa utafunga jarida. Mkanda laini wa suruali ya kawaida unaiacha bastola ilegee mbali na mwili, na kila milimita inayoachana na tumbo lako inaonekana mara tatu juu ya shati. Nunua mkanda mgumu usiokunjika kwa upana. Ala iwe ya kuvaa ndani ya suruali, ya plastiki ngumu au ngozi iliyoshonwa ikashikilia umbo, na ifunike triga yote. Tafuta yenye kijibawa pembeni: kijibawa hicho husukumwa na mkanda na kuugeuza mpini ubane kwenye mwili. Kwa mtu mwembamba kama wewe kijibawa kina faida kuliko kupunguza ukubwa wa bastola.

Mahali pa kuivaa: waandishi wengi wa silaha hutaja sehemu za kiuno kwa mshale wa saa, na nikifanya hivyo kwa Kiswahili lazima msomaji aniulize ni saa ya asubuhi au ya jioni. Nitasema kitovu, nyonga na figo. Watu wembamba, bastola huwakaa vizuri mbele, kati ya kitovu na nyonga, kwa sababu hapo shati huning'inia wima na mikono yote miwili iko karibu. Ubaya wake ni kwamba mtutu unaelekea mahali usipopenda kupoteza, kwa hiyo pa mbele ni pa mtu mwenye ala nzuri na asiye na haraka ya kurudisha bastola alani. Nyuma ya nyonga ni salama zaidi kwa anayeanza, ila ukiinama inajichora. Jifunze kuchuchumaa badala ya kuinama. Nyuma kabisa kwenye uti wa mgongo usiweke. Ukianguka chali utaijutia.

Na shati lenyewe. Fulana ya kubana iliyopauka rangi ndiyo adui. Pandisha saizi moja, chagua kitambaa chenye ugumu kidogo ambacho hakilambi mwili, pindo lililonyooka, na rangi nyeusi au yenye michoro. Maua makubwa na miraba midogo huvunja vivuli; jicho halijui mstari upi ni wa maua na upi ni wa mpini. Vaa singlendi ndani, kati ya ngozi na bastola. Halafu nyumbani, bastola ikiwa tupu na risasi ziko chumba kingine, vaa kila kitu, mpe mtu wa nyumbani akutazame ukifikia rafu ya juu, ukikaa kwenye kochi, ukifunga kamba za viatu. Kioo hakitoshi, kwa sababu mbele ya kioo hujinyooshi kama unavyojinyoosha kwenye kabati.

*Mzee, mimi ni mama wa miaka 58, mjane, naendesha duka langu. Leseni ninayo. Vidole vyangu vina baridi yabisi na slaidi ya bastola ya marehemu siwezi kuivuta. Kila ninayemuuliza ananiambia "mama chukua karivolva kadogo uweke kwenye mkoba". Na mimi navaa magauni, mkanda sina. Je, ni kweli?* — Mama Duka

Mama, heshima yako. Hao wanaokuambia hivyo wanakupenda lakini hawajakufikiria. Ile triga ya kilo tano niliyoisema hapo juu ndiyo wanayotaka uivute kwa kidole chenye baridi yabisi, mara tano mfululizo, huku kitu chepesi kinakurukia mkononi. Karivolva kadogo ni rahisi kukieleza, siyo rahisi kukipiga.

Kwanza nikujaribishe jambo moja, bastola ikiwa tupu na umeikagua mara mbili. Usivute slaidi. Ishike juu kwa kiganja kizima cha mkono wa kushoto, vidole vyote vinne, uiweke karibu na kifua ikielekea upande salama wala isielekee mwili wako, kisha uusukume mpini mbele kwa mkono wa kulia kana kwamba unasukuma droo iliyokwama. Slaidi inakaa pale pale. Bastola ndiyo inayokwenda. Nimewaona kina mama watatu walioambiwa hawawezi wakaweza kwa njia hiyo ndani ya robo saa, na mmoja wao akamgeukia mumewe kwa jicho nisilolisahau.

Ikishindikana, kuna bastola zilizotengenezwa kwa shida yako hasa. Smith & Wesson walitoa mwaka 2018 Shield EZ ya .380, yenye springi laini na magazini isiyoumiza gumba ukiijaza. Ni kubwa kidogo, lakini ukubwa huo ndio unaoifanya ipige kwa upole. Hapa .380 ina kazi yake halali: risasi ndogo ndani ya bastola ya kutosha mkono. Nilichokemea ni risasi ileile ndani ya bastola ya kitoto.

Mkoba sipendi. Mkoba ndio kitu cha kwanza anachonyakua mwizi, na ukikwapuliwa umempa silaha. Mkoba huwekwa juu ya kaunta, huachwa kwenye kiti, mjukuu huutafuta peremende. Kama huna njia nyingine, basi uwe mkoba wenye mfuko wa pekee wa bastola, ndani mna ala ngumu inayofunika triga, wala hamna kitu kingine humo, hata leso, na mshipi wake uvuke kifuani, usitoke mwilini mpaka ufike nyumbani. Lakini kabla ya hapo jaribu mkanda mpana wa kitambaa cha kuvutika unaovaliwa chini ya gauni, juu kidogo ya kiuno. Hakikisha una gamba gumu la kufunika triga. Kitambaa kitupu hakizuii kidole wala ufunguo. Gauni la vipande viwili, blauzi na sketi, litakurahisishia kuifikia. Gauni refu la kipande kimoja ni zuri kwa kuficha ila kuchomoa ni kazi, na hilo usijidanganye. Lifanyie mazoezi na bastola tupu uone.

*Habari Mzee. Bastola yangu imeandikwa haishiki kutu. Imeshika. Nimrudie muuzaji?* — Jasho Jingi

Usimrudie. Chuma kinachoitwa hakishiki kutu maana yake kinachelewa kushika. Jasho ni maji ya chumvi, na wewe unaikandamiza chumvi hiyo kwenye chuma saa kumi kwa siku, ndani ya joto. Rivolva yangu ya zamani niliiacha alani kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Nilipoitoa, upande uliogusa mwili ulikuwa na madoa ya rangi ya chai, na katikati yake umechorwa mfumo wa nyuzi za singlendi yangu, mstari kwa mstari, kama muhuri. Mistari ile haijatoka mpaka leo.

Kila usiku, toa risasi, ifute bastola kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa chini ya vitu vya kulengea, vichwa vya skrubu na ukingo wa slaidi. Mafuta kidogo, narudia. Mafuta yanayochuruzika huingia kwenye risasi na yanaweza kuharibu kiwashio chake, ukabaki na kipande cha shaba. Magazini ifungue mara moja kwa wiki. Kama unabeba mfukoni, utakuta humo nyuzi za kitambaa zimejikusanya kama kiota. Ala ya ngozi ianike kivulini, jua litaikunja. Ukibeba kila siku na unatoka jasho kama jina lako, plastiki ngumu unaosha kwa maji na sabuni, yakaisha.

*Mzee, nabeba mfuko wa mbele wa kaptula pamoja na funguo na simu, sitaki gharama ya ala. Kuna ubaya?* — Mtu wa Kaptula

Upo. Ufunguo unaingia kwenye duara la triga kama ulivyochongewa. Nunua ala ya mfukoni leo, na simu ihamie upande mwingine.

*Shikamoo Mzee. Naogopa kubeba risasi ikiwa tayari chembani, yaani imeshaingia nyuma ya mtutu, hasa nikivaa mbele. Wenzangu wananicheka.* — Mwoga

Marahaba. Waache wacheke, woga wako una akili. Bastola nyingi za sasa zina kizuizi ndani kinachoshika pini inayogonga risasi mpaka triga ivutwe, kwa hiyo swali la kweli ni kama kuna kitu kinaweza kuigusa triga. Fanya hivi: kwa wiki mbili beba bastola ikiwa tupu kabisa, imekokiwa, ndani ya ala yako na nguo zako za kila siku. Hizo wiki mbili ni za kuvaa nyumbani, siyo za kwenda nayo kazini. Kaa, inama, beba mtoto, panda ngazi. Usiku, ukiwa umehakikisha tena kwamba haina kitu, ielekeze upande salama uvute triga. Ukisikia "ta", ujue haikuwahi kuvutwa. Siku kumi na nne za "ta" ziliniponya mimi. Ukivuta ikakaa kimya, ala yako haifai, itupe.

Jambo dogo juu ya hilo: kama una tabia ya kutoa risasi chembani kila usiku na kuirudisha ileile asubuhi, iangalie. Kila inapogongwa kuingia, kichwa chake kinaweza kuzama ndani ya ganda kidogo kidogo, na iliyozama hupandisha shinikizo kuliko kawaida. Ilinganishe na nzima ukizisimamisha pamoja mezani. Iliyofupika usiipige.

*Mzee, nimefuata yote: mkanda, ala, shati la maua. Bado mfanyakazi mwenzangu aliniambia, "Wewe una bastola." Alijuaje?* — Nimegundulika

Ulimwambia mwenyewe, kwa mkono. Kila unapoinuka unalivuta shati chini, kila unapopita mlangoni unapapasa kiuno, ukikaa unaisogeza kwa kiwiko. Aliona mkono wako unavyorudi palepale, shati halikuwa na kosa. Nami nilikuwa hivyo miaka ya mwanzo. Aliyenitibu ni mke wangu. Kila niliposhika kiuno, awe nani yupo, sebuleni au mbele ya wageni, aliniuliza kwa sauti ya upole: "Bado ipo?" Wiki mbili zilitosha.